Mtihani wa Bibi Vidole

Wanafunzi wa mume wangu walimbandika jina la Pima, na jina likamganda mpaka mimi mwenyewe nikachoka kuudhika. Alifundisha takwimu katika chuo cha ualimu, somo ambalo wanafunzi waliliogopa kuliko kung'olewa jino. Hiyo ilikuwa kazi ya mshahara. Kazi ya pili hakutumwa na mtu: aliwapima watu wanaodai kwamba wanaona au wanajua mambo ambayo sisi wengine hatuyajui. Anayesoma mawazo, anayegundua maji kwa kijiti, anayeota jambo leo likatokea kesho. Pima akisikia habari zao tu, anachomekea shati na kufunga safari. "Wanaume wenzako wanacheza karata," nilimwambia sijui mara ngapi. "Wewe unacheza na wachawi." Alicheka, akasema mchawi hajawahi kumwona, ndiyo maana anatafuta.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na namna hiyo ilinichosha roho. Kwanza alimuuliza mtu anadai nini hasa, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumcheka. Kisha walikaa wakakubaliana mapema: tutapimaje, kufaulu kutakuwaje na kushindwa kutakuwaje, ili baadaye asitokee wa kugeuza maneno. Halafu ndipo alipoanza kuziba mianya. Mtu anaweza kujua kitu kwa kukiona, kwa kukinusa, kwa kumsoma usoni anayekijua, au kwa kubahatisha tu, na mara nyingi mwenyewe hana habari kwamba anafanya hivyo. Pima aliziba mwanya mmoja mmoja. "Nikishaziba yote, ukabaki mlango wake yeye peke yake, na akapita," alikuwa akisema, "basi nitamvulia kofia." Kofia yenyewe hakuwa nayo.

Nakumbuka yule bwana wa kijiti. Pima aliagiza ndoo zifukiwe uani mwa chuo, nyingine zina maji na nyingine tupu, akasawazisha udongo mpaka hata panya asingejua. Ndoo zilipangwa na mtu mwingine kwa kurusha shilingi, na Pima mwenyewe alikataa kuambiwa ipi ni ipi. Bwana alizunguka na kijiti chake, akashindwa, akasema misumari ya viatu vya Pima ndiyo iliyomvuruga. Mwingine angemwambia akafie mbele. Mume wangu, mwalimu mzima mwenye mvi, alivua viatu, akaagiza ndoo zifukuliwe na kufukiwa upya kwa mpangilio mwingine, akasimama pekupeku juani mtihani urudiwe. Bwana akashindwa tena, na safari hii akasema udongo umekasirika.

Watu walidhani Pima anafurahia kuwaumbua wenzake. Mimi niliyeishi naye najua. Kila mtu aliposhindwa, alirudi nyumbani amenywea, anasukuma chakula kwenye sahani. "Nilitamani huyu apite," alikuwa akisema. Hakuna aliyepita hata mmoja. Nadhani ndani ya mtu yule mgumu kulikuwa na mtoto anayesubiri kuonyeshwa kitu, na kila mara alionyeshwa mkono mtupu.

Sasa nije kwa wifi yangu, maana habari yenyewe ni yake. Ni dada mkubwa wa Pima. Wazazi wao walipofariki yeye ndiye aliyemlea, akamsomesha kwa kufua nguo za watu, na mpaka leo akimwita "mdogo wangu" Pima anasimama. Alijaliwa mtoto mmoja tu, mvulana mrefu, mcheshi, aliyenitania mimi mkazamjomba wake mpaka nakosa pa kuficha uso. Kijana alipata kazi ya utingo kwenye lori la mizigo. Siku moja lori lilikutwa bondeni, chini ya daraja, limelala ubavu. Dereva alikuwa ndani, amekufa. Utingo hakuonekana. Mto ule ulikuwa umejaa, wakatafuta, wakachoka, wakaondoka. Hapakuwa na mwili wa kuzika.

Wifi alikataa msiba. Hakulia mbele ya watu. Chumba cha mwanawe alikifagia kila asubuhi, na shati lake moja la mistari alilolikuta kwenye msumari alilifua kila wiki, akalianika, akalianua, akalipiga pasi, akalirudisha kwenye msumari. Mlango wa nje hakuufunga kwa komeo. Hakukubali kuhamia kwetu, asije mtoto akarudi akakuta nyumba haina mtu. Ukimgusia, anakwambia, "Mnataka nimzike nani? Nionyesheni." Na sisi hatukuwa na wa kumwonyesha.

Ndipo akasikia habari za Bibi Vidole.

Huyu alikuwa mshona nguo mstaafu, mama mzito, mpole, mwenye vidole vilivyonyooka kama vya msichana. Miaka yote ya kushona, alisema, alikuwa akishika nguo za watu akajua. "Nguo ya mtu aliye hai naisikia," alieleza. "Ya aliyekufa imenyamaza." Hakutaka malipo, hakufukiza ubani, hakujifunga kitambaa chekundu. Ukimsikiliza ungedhani anakwambia kitambaa kipi kinachuja rangi.

Wifi alimjia Pima sebuleni kwetu, hakukaa. "Mdogo wangu, watu wote hunidanganya kwa huruma. Wewe huna huruma kwenye kazi yako. Mpime huyo mama. Akishindwa, nitakaa msiba, nitalia, nitahamia huku, mtafanya mtakavyo. Akifaulu, atashika shati la mwanangu, na atakachosema ndicho."

"Dada, usinitwishe hilo," Pima alisema.

"Nimekutwisha mangapi maishani mwangu? Hili moja."

Akakubali. Sijawahi kumwona akiandaa mtihani kama ule. Alitaka mashati ya wanaume tu, makuukuu, nusu yawe ya watu walio hai, nusu ya marehemu. Nani angempa mwanamume mwenye mafaili shati la marehemu wake? Ikabidi tutoke mimi na wifi, nyumba hadi nyumba. Mjane wa fundi saa alitutolea shati la mumewe, akalishika kola, hakuliachia mpaka wifi alipomwambia litarudi. Muuza mkaa naye, tulipomwomba la kwake, aliruka. "Shati langu la nini? Mnanizika niko hai?" Tulicheka mpaka machozi, wifi pia, na nikakumbuka jinsi alivyokuwa akicheka zamani.

Mashati yote yalifuliwa kwa sabuni moja, yakakaushwa pamoja, yakapigwa pasi, yakatiwa kwenye mifuko ya kaki ili yasijulikane kwa harufu wala kwa jasho. Katikati ya chumba kimoja cha chuo Pima alitundika pazia zito. Upande mmoja akae Bibi Vidole, apenyeze mikono tu. Upande wa pili akae mtu wa kumpa mashati, asiyejua lolote kuhusu wenye nguo. Kazi hiyo alipewa mpigachapa wa chuo. Aseme neno moja tu, "Shika," na asiongeze. Pima akae karibu na Bibi aandike majibu, na simu irekodi kila kitu. Shati la mistari liwe la mwisho, baada ya mtihani wenyewe.

Siku ilipofika, mpigachapa aliingia, akaona mifuko, akauliza ni nguo za nani. Alipojibiwa kwamba nyingine ni za marehemu alishika mkoba wake. "Mwalimu, nina watoto," alisema, akatoka mbio mpaka kiatu kimoja kikamvuka mlangoni.

Pima alitaka kuahirisha. Mtu huyu aliwahi kuahirisha mtihani mzima kwa sababu kioo cha dirisha kilirudisha taswira. Lakini Bibi Vidole alikuwa ameshakaa kwenye kiti, ametoka mbali, na wifi alikuwa amesimama pale, amevaa gauni la kutokea.

"Nitayashika mimi," wifi alisema.

"Dada, wewe unayajua."

"Si kuna pazia? Ataniona kupitia wapi? Nitasema 'shika', basi. Leo, mdogo wangu. Sitaweza kulala tena nikiwa sijui."

Mimi pia niliyajua mashati, nisingefaa. Pima alilitazama pazia, akamtazama dadake. Mtu aliyekulea akikuangalia hivyo, utakuwa na moyo wa chuma gani? Alisema, "Haya, tuanze."

Nilikaa kwenye kona nimeshika mdomo. Wifi alipenyeza shati la kwanza. Vidole vya Bibi vilipita kwenye kola, kwenye pindo, vikatulia kifuani pa shati. "Yuko hai," alisema. La pili: "Limenyamaza." La tatu, la nne, akaenda hivyo bila haraka, na Pima akiandika. Fundi maabara aliyekuwa na orodha ya majibu aliitwa kutoka ofisini, wakalinganisha. Bibi alikosea mawili tu katika mashati yote. Kwa kubahatisha ungepata nusu hivi. Yale hayakuwa ya kubahatisha.

Kisha wifi akapenyeza shati la mistari. Bibi Vidole hakulipapasa hata muda mrefu. "Huyu yuko hai," alisema. "Tena namsikia sana."

Wifi alipiga kelele iliyowatoa watu madarasani. Pima alikuja kwangu, akaniegemea begani mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akalia. "Amepita," alirudia. "Mama Vijana, kuna mtu amepita."

Sitaki kuzisimulia sana wiki zilizofuata, zinaniuma kuliko zote. Wifi alinenepa uso. Chumba cha mwanawe alikipaka chokaa, akabadilisha na pazia. Alisalimia watu barabarani kwa sauti, na aliyemwuliza habari alijibiwa, "Tunamsubiri." Kila jioni alikuja kwetu kupanga na Pima pa kuulizia: hospitali zipi, vituo vipi vya malori, pengine aligongwa kichwa akasahau kwao. Na mume wangu, mtu wa kusema "subiri tuhakikishe" hata ukimwambia mvua inanyesha, alikuwa akiandika barua na kupiga simu, anapiga mluzi bafuni.

Lakini Pima ni Pima. Alitaka kuandika ripoti ya mtihani ule, na kwa ajili hiyo akaanza kuusikiliza upya kwenye simu. Alikuwa mezani sebuleni, mchana wa siku ya mapumziko, nami niko sakafuni nagawa nguo zilizokauka. Tuna vijana wawili. Mmoja yupo nyumbani, mwingine yuko mbali masomoni, na alikuwa ametuachia furushi la nguo. Nikawa nazitenga huku nikijisemea, kama mama yeyote afanyavyo: "Hii ya huyu. Hii ya yule. Hii ya huyu."

Pima alisimamisha simu. "Umesema nini?"

"Nagawa nguo. Kwani imekuwa dhambi?"

"Rudia ulivyosema."

Nikarudia, nimeshaudhika. Alirudisha rekodi mwanzo, akaongeza sauti, na sauti ya wifi yangu ikatoka, ndogo, ya kunong'ona, ya mama aliyeambiwa aseme neno moja na hajajua kwamba amesema zaidi. "Shika. Hili la huyu." Kisha: "Shika. La yule." Muuza mkaa, huyu. Fundi saa, yule. Aliye hai, huyu, aliyekufa, yule. Alijikwaa mara mbili tu, akasema "shika" na kunyamaza, na hizo ndizo mbili alizokosea Bibi Vidole. Sote tulikuwamo chumbani. Sote tuliyasikia maneno hayo kwa masikio yetu, na hakuna aliyeyasikia, kwa sababu ndivyo tunavyosema siku zote.

Bibi Vidole alikuwa anasikia kweli. Nadhani hata yeye hakujua kwamba anasikia kwa masikio.

Pima aliacha rekodi ikaenda mpaka mwisho. "Shika," wifi alisema kwenye simu, na sauti yake ikalainika. "La huyu. La huyu wangu."

Mume wangu aliweka kichwa mezani. Nilijua kitakachofuata, na hasira zikanipanda mpaka nikatupa nguo. "Nyamaza!" nilimwambia. "Unasikia? Futa hiyo kitu unyamaze. Nani ataumia? Mwache mwanamke wa watu aishi!"

"Aliniomba nipime," alisema, uso bado uko mezani.

"Aliomba apewe mtoto!"

"Siwezi kumpa mtoto. Nilichoweza kumpa ni kutomdanganya, na nimemdanganya."

Nilimwita majina ambayo sitayaandika hapa. Alivaa viatu akaenda, nami nikamfuata, maana nisingemwacha wifi apokee habari ile peke yake. Tulimkuta anapanga vyombo. Pima alimsikilizisha rekodi. Alimweleza polepole, kama anavyowaeleza wanafunzi wazito, na wifi akasikiliza huku amekumbatia sufuria.

"Nilisema huyu," wifi alijibu, "kwa sababu ni mwanangu."

"Ndiyo, dada."

"Ningesemaje? Ningemwita yule?"

"Hapana, dada. Ndiyo shida yenyewe. Bibi aliambiwa na wewe."

Wifi aliweka sufuria chini. "Rudia mtihani," alisema.

Ukarudiwa. Safari hii wa kushika mashati alikuwa mlinzi mgeni wa chuo, hajui nguo ni za nani, hasemi neno. Anagonga meza kwa kidole, basi. Bibi Vidole alishika shati la kwanza, akakaa nalo. Akashika la pili. Jasho likamtoka puani. "Mwalimu," alisema, "leo yote yamenyamaza."

"Jaribu hivyohivyo, mama," Pima alimwambia kwa upole, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejiombea yeye.

Alijaribu. Alipata karibu nusu, kama ungepata wewe kwa kurusha shilingi. Shati la mistari alilishika mwisho, akafumba macho, akasema, "Hai... nadhani yuko hai." Wifi alimgeukia Pima, na jinsi uso wake ulivyowaka nilishindwa kuutazama.

"Si amesema?"

"Dada, amesema hai hata kwa la fundi saa."

"Lakini amesema."

"Angesema amekufa, ingekuwa vilevile. Hajui, dada. Hajui, mimi sijui, hakuna anayejua."

Bibi Vidole alianza kulia kwa sauti ya chini. "Mara ya kwanza nilisikia," alisema. "Wallahi nilisikia. Miaka yote hii, basi nilikuwa nafanya nini?" Aliondoka ameficha mikono ndani ya khanga, na nilisikia baadaye kwamba hashiki tena nguo ya mtu.

Wifi hakuitimiza ahadi yake. Hakukaa msiba, hakulia, hakuhama. Aliacha tu kusema. Ukimtembelea anakupa kiti na maji, anakujibu kwa heshima, macho yako mlangoni. Huyu na yule aliyaacha yote mawili. Kama ni lazima, alisema "mwanangu" na kunyamaza. Mdogo wake akimsalimu, alimwitikia tu, si zaidi. Pima naye alikunja pazia lake, akalisukumia nyuma ya kabati. Alikuja mtu anayedai anaongea na marehemu, akabisha hodi wee, mume wangu akanituma niseme hayupo. Nilidhani ningefurahi siku atakapoacha upuuzi ule. Sikufurahi. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake mikono kwenye mapaja, na nilipomletea karata, mimi mwenyewe, nimtanie, alizichanganya vizuri sana akazirudisha kwenye boksi.

Tuliendelea kwenda kwa wifi kila Jumapili, sijui kwa nini, pengine kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda. Jumapili moja mawingu yalifunga ghafla. Wifi alikuwa jikoni, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Pima alikuwa kizingitini, mahali pake pa siku zote. Shati la mistari lilikuwa kwenye kamba uani, limejaa upepo, na matone ya kwanza yalianza kugonga bati.

"Wifi," aliniita kutoka jikoni, sauti ya kawaida kabisa, ya mtu mwenye shughuli. "Hebu nianulie shati la yule, lisilowe."

Sijui kama alijisikia alivyosema. Mikono yake iliendelea kukanda. Pima aliinua kichwa akanitazama, na nikaona kwamba amesikia, kwamba safari hii ametega sikio na amesikia vizuri. Nilitoka uani kwenye mvua nikalianua shati. Nilipogeuka kurudi alikuwa bado pale kizingitini, amejifunika uso kwa viganja vyote viwili, na dadake ndani anauliza kama limelowa.